Jinsi ya kutafuta na kupima vyanzo vya upili vya historia: mfano wa Vita vya Maji Maji

Kila muhula unapoanza, maswali ni yale yale. Nianzie wapi? Vitabu vingapi vinatosha? Wikipedia inaruhusiwa? Mbona kitabu hiki kinasema walikufa watu 75,000 na kile kinasema 300,000? Mwongozo huu unayajibu hatua kwa hatua, ukitumia mada moja tangu mwanzo hadi mwisho: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Mada hiyo inafaa kujifunzia kwa sababu imeandikwa na watu wengi wenye misimamo tofauti, na maandishi yake mengi yanapatikana. Kama wewe unatafiti reli ya Uganda, karafuu za Zanzibar au historia ya kata yenu, badilisha majina tu. Hatua ni hizi hizi.

Kuna swali moja utakalokuwa unaliuliza kila ukurasa: huyu mwandishi amejuaje? Mengine yote hapa chini ni njia za kulijibu.

Tuelewane kwanza

Chanzo cha msingi kimetoka kwa waliokuwepo au kimetengenezwa wakati wa tukio lenyewe: barua, ripoti ya ofisa wa wilaya, shajara ya mmisionari, hukumu, simulizi ya mzee aliyepigana. Chanzo cha upili kimeandikwa na mtu aliyesoma au kusikiliza vile vya msingi, akavilinganisha, akajenga hoja. Wikipedia, kamusi elezo na vitabu vya kiada vya sekondari hufupisha vyanzo vya upili. Hivyo ni vya daraja la tatu. Vitumie kupata tarehe, majina na msamiati wa kutafutia, kisha viweke kando.

Usipange vyanzo kwa uzee wa karatasi. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana vita vilipoanza, na mwaka 1909 alichapisha kitabu kuhusu vita hivyo. Ukitaka kujua serikali ya kikoloni ilivyojieleza, kitabu hicho ni chanzo cha msingi. Ukitaka kujua yaliyotokea katika kijiji cha Wangindo ambako gavana hakukanyaga, humo anasimulia habari za kuletewa, na umpime kama unavyompima mwandishi mwingine yeyote. Kinyume chake, utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulichapishwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957, lakini aliyeutunga ni mtu wa Lindi aliyeishi wakati wa vita. Mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa ushahidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali la utafiti, hata kama bado halijanyooka.
- Daftari moja au faili moja la kompyuta. Kimoja, si vipande vya karatasi na ujumbe wa simu.
- Simu yenye kamera nzuri na programu ya kuskani.
- Anwani ya barua pepe na akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma.
- Kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka chuo, shule au ofisi ya serikali ya mtaa. Maktaba za vyuo na nyumba za nyaraka huziuliza mlangoni.
- Penseli. Kwenye vyumba vingi vya nyaraka kalamu ya wino hairuhusiwi.
- Pesa kidogo ya fotokopi.
- Siku tatu: mbili za kutafuta, moja ya kupima. Kusoma kwa kina kunakuja baada ya hapo.

Hatua ya 1: Andika swali lako katika sentensi moja

“Historia ya Maji Maji” si swali, ni jina la rafu nzima. Swali lina mahali, wakati na neno la kuulizia. Mfano: “Kwa nini Wangoni wa Songea waliingia vitani mwaka 1905 ilhali Wahehe hawakujiunga?” Sasa pigia mstari kila jina: Wangoni, Songea, 1905, Wahehe. Hayo ndiyo maneno yako ya kwanza ya kutafutia.

Tahadhari: anayeanza bila swali hukusanya PDF arobaini na kusoma tatu. Ukiwa na swali, utajua ndani ya dakika tano kama makala inakuhusu.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya majina yote

Hapa ndipo wengi wanapoteza vyanzo bila kujua. Tukio moja limeandikwa kwa tahajia na lugha tofauti, na mashine ya kutafuta haijui kuwa ni kitu kimoja. Kwa mada yetu orodha inakuwa hivi:

- Vita vyenyewe: Maji Maji, Majimaji, Maji-Maji.
- Aina ya tukio: kwa Kiswahili vita, uasi, mapambano, kwa Kiingereza “rebellion”, “uprising”, “rising”, “resistance”, “war”, kwa Kijerumani “Aufstand”.
- Nchi: Tanganyika, Tanzania, “German East Africa”, “Deutsch-Ostafrika”.
- Watu: Kinjikitile, Kinjeketile, Ngwale (mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji), Götzen, Goetzen, Gotzen.
- Mahali: Kilwa, Umatumbi, Ngarambe, Liwale, Mahenge, Songea, Ungoni.
- Makabila, kwa kiambishi na bila kiambishi: Wangoni na Ngoni, Wamatumbi na Matumbi, Wapogoro na Pogoro. Waandishi wa Kiingereza wa siku hizi huondoa “Wa-”, Wajerumani wa zamani waliibakiza. Ukitafuta “Ngoni” peke yake, maandishi ya Kijerumani yanayosema “Wangoni” yanaweza kukupita.

Orodha hii ina faida ya pili. Neno alilochagua mwandishi linadokeza alikosimama. Anayeandika “uasi” anatazama kutoka kwenye kiti cha serikali, hata kama hakukusudia. “Mapambano” na “resistance” yalishika kasi miaka ya 1960, baada ya uhuru. Andika pembeni ya kila chanzo neno analotumia. Litakusaidia kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 3: Anza na maandishi mawili mapana, moja la zamani na moja jipya

La zamani linaloaminika kwa mada hii ni kitabu cha John Iliffe cha 1979 kuhusu historia ya kisasa ya Tanganyika, kilichochapishwa na Cambridge. Kina sura nzima ya Maji Maji. Jipya ni mkusanyiko wa makala uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, uliotoka mwaka 2010. Kati ya viwili hivyo kuna miaka thelathini na moja ya mabishano, na mkusanyiko wa 2010 unakuonyesha mengi ya mabishano hayo.

Soma hivi: anza na utangulizi, kisha ruka moja kwa moja kwenye tanbihi (maelezo ya vyanzo chini ya ukurasa au mwishoni) za sehemu inayohusu swali lako. Nakili kila jina la makala au kitabu linalotajwa mara mbili au zaidi. Ukimaliza vitabu hivyo viwili utakuwa na majina kumi na tano hadi ishirini bila kugusa mashine ya kutafuta.

Kosa la kawaida: kusoma kitabu kizima ukurasa kwa ukurasa wakati huu. Kazi ya hatua hii ni kukusanya majina tu.

Hatua ya 4: Tafuta mtandaoni kwa mpangilio

1. Fungua Google Scholar. Weka jina ndani ya alama za nukuu: “Maji Maji”. Bila alama hizo utaletewa makala za visima na mifereji.
2. Ongeza neno la pili kutoka kwenye orodha yako: “Maji Maji” Ngoni, kisha “Majimaji” Songea, kisha “Maji-Maji” Aufstand. Kila mara andika ulichotafuta na ulichopata, usije ukarudia kesho kutwa.
3. Ukitumia Google ya kawaida, ondoa mpira wa miguu. Songea kuna klabu na uwanja wenye jina la Majimaji, na habari zao hujaza kurasa za kwanza. Andika alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka: -FC, -uwanja, -ligi.
4. Kupata tasnifu na makala zilizowekwa na vyuo vya Tanzania, ongeza site:ac.tz. Kwa Kenya ni site:ac.ke.
5. Chini ya matokeo mengi ya Google Scholar kuna kiungo cha matoleo yote. Kibonyeze. Mara nyingi toleo moja linauzwa na jingine mwandishi ameliweka bure kwenye ukurasa wa chuo chake.
6. Ingia JSTOR. Akaunti ya bure hukuruhusu kusoma hadi makala 100 kila baada ya siku 30 kwenye skrini, bila kupakua. Kwa Maji Maji, anza na Journal of African History, ambayo ilianza 1960. Makala ya Iliffe ya 1967 kuhusu jinsi vita vilivyopangwa, ya Thaddeus Sunseri ya 1997 kuhusu Uzaramo na ya Jamie Monson ya 1998 kuhusu nyanda za juu kusini zote zimo katika jarida hilo.
7. Pitia African Journals Online kwa majarida yanayochapishwa Afrika. Wengi huiruka, na huko ndiko waliko waandishi wanaojua lugha na mahali.
8. Kwa vitabu vya zamani nenda Internet Archive. Vilivyoisha haki miliki unapakua. Vingine unaazima kwa saa moja, kisha unaazima tena.

Usilipie makala. Bei ya makala moja inaweza kuzidi nauli yako ya kwenda maktaba. Ikishindikana kabisa, mwandikie mwandishi barua pepe ya sentensi tatu: wewe ni nani, unatafiti nini, unaomba nakala ya makala ipi. Wengi hujibu, kwa sababu nao wanataka kusomwa.

Tahadhari kuhusu programu za akili unde: ukiziomba orodha ya vitabu, huweza kukutungia jina la kitabu, mwandishi na hata namba za kurasa ambazo hazipo. Jina lolote litokalo huko lisiingie kwenye daftari mpaka umelikuta kwenye katalogi ya maktaba au kwenye tovuti ya jarida lenyewe.

Hatua ya 5: Nenda maktaba

Mtandao hauna kila kitu, hasa tasnifu. Tasnifu ya uzamivu ya G.C.K. Gwassa kuhusu kuzuka na kuenea kwa vita hivi ilikamilika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na ikatoka kama kitabu mwaka 2005 huko Ujerumani. Miaka yote hiyo, aliyetaka kuisoma nzima ilimbidi atafute nakala ya tasnifu yenyewe. Ziko tasnifu nyingi ambazo hazijachapwa mpaka leo. Kwa Tanzania, mahali pa kwanza ni mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kumbuka namba mbili. Maktaba zinazotumia mpango wa Library of Congress huweka historia ya Tanzania kati ya DT 436 na DT 449. Zinazotumia Dewey huiweka 967.8. Ukishapata kitabu kimoja kwenye rafu, usiondoke: tazama vitabu kumi vya kushoto na kumi vya kulia. Katalogi inakupa unachokijua jina. Rafu inakupa usichokijua.

Unapozungumza na mkutubi, usiseme “natafuta Maji Maji”. Sema: “Shikamoo mama, naomba msaada. Natafuta tasnifu na majarida ya zamani kuhusu Wangoni wa Songea kabla ya 1914.” Ombi lenye mahali na miaka humkumbusha masanduku ambayo hayamo kwenye kompyuta. Muulize pia kuhusu Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936. Maofisa wa kikoloni na wamisionari waliandika humo mambo ya wilaya ndogo ndogo yasiyopatikana kwingine. Yanahitaji kupimwa kwa makini, lakini yapo.

Hatua ya 6: Fuata mnyororo nyuma na mbele

Kurudi nyuma ni kufuata tanbihi: mwandishi huyu alisoma nini? Kwenda mbele ni kuuliza nani amemsoma baadaye. Kwenye Google Scholar bonyeza kiungo cha waliomtaja mwandishi huyo, kisha ndani ya matokeo hayo tafuta tena neno lako, mfano “Songea”. Makala ya 1967 inakuletea kwa njia hiyo waliokubaliana nayo na walioipinga miaka ya 1990 na 2000.

Utajua umetosheka pale vyanzo vitatu vipya mfululizo visipokupa jina jipya hata moja. Kwa insha ya kurasa kumi, vyanzo sita hadi vinane vilivyosomwa vizuri vinatosha, na vitakuzidishia maksi kuliko ishirini vilivyotajwa bila kusomwa.

Hatua ya 7: Pima kila chanzo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Tenga dakika ishirini kwa kila chanzo na uandike majibu ya maswali sita.

*Alikuwa na nini mkononi?* Fungua tanbihi. Ukiona alama R 1001, mwandishi ametumia mafaili ya ofisi ya makoloni yaliyoko Berlin. Ukiona namba za mafaili yenye herufi G za Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ametumia kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zilizobaki nchini. Ukiona majina ya wazee na tarehe za mahojiano, ametumia simulizi. Ukiona vitabu vya Kiingereza peke yake, huyo anafupisha wengine. Si dhambi, lakini usimchukulie kama shahidi mpya.

*Aliandika lini, na hewa ya wakati huo ilikuwaje?* Watu wa utawala wa Kijerumani walikuwa na sababu ya kusema watu wamedanganywa na waganga, maana sababu nyingine ingekuwa pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, yaani kosa lao wenyewe. Waandishi wa miaka ya 1960 waliandika taifa likiwa changa, na walitafuta mizizi ya umoja: makabila mengi, adui mmoja. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wamerudi kwenye eneo moja moja na kukuta kila mahali palikuwa na ugomvi wake, wakati mwingine baina ya majirani. Hakuna kundi la kulitupa. Kila kundi liliuliza swali tofauti, na jibu lilifuata swali.

*Simulizi zake zilikusanywaje?* Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee kuhusu vita. Kazi hiyo haina mfano wake, na karibu kila mwandishi aliyefuata ameitegemea. Sasa piga hesabu: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na 78 mwaka 1968. Na nchi ilikuwa na uhuru wa miaka saba. Jiulize lipi mzee aliliona mwenyewe, lipi alihadithiwa na babaye, na lipi alilisikia baada ya uhuru. Mwandishi mzuri anakutenganishia. Mwandishi mvivu anasema tu “wazee wanasema”. Hata hivyo usidharau simulizi. Mafaili ya Wajerumani hayakuambii jinsi maji yale yalivyopokewa nyumbani kwa mtu, wala yalibebwa na nani kutoka bonde la Rufiji.

*Anajua lugha zipi?* Anayeandika kuhusu 1905 bila kusoma Kijerumani wala Kiswahili anategemea macho ya mwingine. Tazama shukrani kwenye dibaji: watafsiri na wakalimani hutajwa hapo.

*Nani hayumo?* Sunseri, katika makala yake ya 1997, alionyesha kwamba huko Uzaramo njaa, nguruwe pori walioharibu mashamba, na wanawake walioachiwa mzigo wa kulima ni sehemu ya chanzo cha vita. Nusu ya jamii ilikuwa nje ya hadithi kwa sababu waliohojiwa zaidi walikuwa wanaume na waliouliza waliuliza kuhusu mapigano. Kila ukimaliza chanzo, andika jina la kundi moja ambalo halijazungumza.

*Wenzake walisemaje?* Tafuta mapitio ya kitabu kwenye majarida, mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kuchapishwa. Ni kurasa mbili tu. Mtu anayejua mada atakuonyesha udhaifu ambao wewe ungeugundua baada ya mwezi. Soma mapitio mawili, si moja.

Hatua ya 8: Fuatilia takwimu moja mpaka chini

Fanya zoezi hili angalau mara moja, litakubadilisha unavyosoma. Chukua idadi ya waliokufa. Ukikuta “75,000”, angalia tanbihi. Inakupeleka kwenye kitabu kingine. Fungua hicho, fuata tanbihi yake. Endelea mpaka ufike mahali ambapo hakuna pa kushuka tena. 75,000 inaishia kwenye makadirio ya upande wa serikali ya Ujerumani. 250,000 hadi 300,000 inaishia kwa Gwassa, aliyejumuisha waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto ili kuwanyima watu chakula.

Kisha tazama takwimu ya tatu: upande wa Wajerumani, waliokufa walihesabiwa kuwa Wazungu 15 na Waafrika 389, askari pamoja na wapiganaji wasaidizi. Angalia ilivyo kamili. Upande mmoja ulihesabu watu wake mmoja mmoja, na upande mwingine ukakadiriwa kwa maelfu ya mviringo. Hiyo peke yake ni habari kuhusu nani alikuwa na daftari.

Kosa baya hapa ni kuchukua wastani na kuandika “takriban watu 180,000 walikufa”. Umetunga takwimu ambayo haina mwenyewe. Andika: “Makadirio ya serikali ya Ujerumani ni 75,000; Gwassa anakadiria 250,000 hadi 300,000 pamoja na waliokufa kwa njaa.”

Hatua ya 9: Viweke vyanzo vibishane

Chora jedwali la safu nne: chanzo, hoja yake kwa sentensi moja, ushahidi wake, na anapingana na nani. Sentensi ya hoja iandike kwa maneno yako, kitabu kikiwa kimefungwa. Ikikushinda, hujakielewa; rudi kwenye hitimisho lake. Jedwali likijaa, mpangilio wa insha yako utauona wenyewe.

Hatua ya 10: Weka kumbukumbu usiku ule ule

Kwa kila dondoo andika mwandishi, mwaka na ukurasa. Maneno yake hasa yawe ndani ya alama za nukuu tangu kwenye daftari, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka sentensi ipi ni yako, na hapo ndipo wizi wa maandishi usiokusudiwa unapoanza. Unapopiga picha kitabu, piga kwanza jalada la ndani, pili ukurasa wa nyuma yake wenye mchapishaji na mwaka, ndipo kurasa unazozitaka. Picha isiyo na jina la kitabu haina kazi.

Makosa yanayorudi kila mwaka

Kutumia tamthilia kama historia. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya 1969, inasomwa mashuleni, na wengi huichukulia kama maisha halisi ya mganga wa Ngarambe. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni wa kubuni. Unaweza kuitumia kuonyesha jinsi vita vilivyokumbukwa baada ya uhuru. Kwa kilichotokea 1905, hapana.

Kutaja chanzo ambacho hujakiona. Kama maneno ya Götzen umeyakuta ndani ya Iliffe, andika kwamba Götzen amenukuliwa na Iliffe, na weka ukurasa wa Iliffe. Msahihishaji akiona mwanafunzi asiyejua Kijerumani anataja kitabu cha Kijerumani cha 1909, swali la kwanza utalijua.

Kusoma ikisiri tu, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala. Ikisiri inatangaza hoja, haiithibitishi.

Kuamini jarida kwa sababu lina neno “kimataifa”. Jarida linalokubali makala ndani ya siku chache, linalotoza ada kabla ya kuisoma, na linalochanganya historia, uuguzi na uhandisi katika toleo moja, halijapitia mikono ya wahakiki.

Ukikwama

*Hakuna kitabu kuhusu kijiji changu.* Panda ngazi: kata, wilaya, kabila, zao, misheni. Kijiji cha karibu na Peramiho kitatajwa katika maandishi ya Wabenediktini, ambao misheni yao hapo ilichomwa wakati wa vita. Kisha shuka kwa faharasa: fungua mwisho wa kila kitabu kipana na tafuta jina la kijiji kwa tahajia zote za hatua ya 2.

*Vyanzo vyangu vyote vinasema jambo moja.* Huenda ni chanzo kimoja kilichovaa nguo tano. Fuata tanbihi zao. Zikikutana mahali pamoja, hesabu moja.

*Chanzo muhimu ni cha Kijerumani.* Anza na yaliyomo, ramani, majedwali na faharasa, ambayo yanasomeka hata kwa kamusi. Kwa aya mbili tatu unazozihitaji, tumia tafsiri ya simu kupata maana ya jumla, kisha mwombe anayejua lugha azikague kabla hujazinukuu. Maandishi kadhaa ya Wajerumani wa wakati ule yametafsiriwa kwa Kiingereza katika mkusanyo wa nyaraka wa Gwassa na Iliffe wa 1968. Tazama humo kwanza.

*Vitabu vinatofautiana tarehe ya mwisho wa vita: 1906, 1907, hata 1908.* Wote wanaweza kuwa sahihi. Angalia kila mmoja anahesabu nini: kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni Songea tarehe 27 Februari 1906, kukamatwa kwa viongozi wa mwisho, au njaa iliyofuata. Eleza kipimo unachokitumia kwenye ukurasa wako wa kwanza.

*Kitabu hakina tanbihi hata moja.* Tafuta kama mwandishi ana makala ya kitaalamu yenye mada hiyo hiyo. Mara nyingi ushahidi uko huko. Kama hana, kitumie kwa maoni yake tu, na kila jambo lenye tarehe au idadi litafutie chanzo kingine.

*Msimamizi anasema vyanzo vyangu ni vya zamani.* Rudi hatua ya 6 na uende mbele kutoka kwenye chanzo chako kizuri kuliko vyote. Chukua maandishi mawili ya baada ya 2000 yanayokitaja, na uandike aya moja inayoeleza wanachokipinga.

*Bando limeisha na makala ziko thelathini.* Chagua tano kwa kusoma kwanza ikisiri na tanbihi za ukurasa wa mwanzo. Zile nyingine ziandike majina yake, na uzipakue siku utakayokuwa kwenye mtandao wa maktaba.